Mafuta Yaliyomo Damuni: Somo la Nakuru kwa Majiko Yetu



Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu, kabla hajaingia katikati ya jiji la Nakuru, hupita mtaa uitwao Free Area. Ni mtaa wa watu waliohamia. Wako waliotoka mashambani mwa Bonde la Ufa, wako waliotoka Magharibi na Kaskazini, na wako ndugu zetu wa Pwani waliofuata kazi, biashara au ndoa. Jioni mafuta huanza kuchemka vibandani kando ya njia: viazi, mandazi, chapati, sambusa, kuku. Mama aliyerudi kazini amechoka hununua hapo chakula cha watoto, na mzee aliyezoea kutembea maili mbili kwenda shambani hupanda bodaboda kwenda dukani.

Wiki hii tumeuelekea mji huo kwa sababu Nakuru ni miongoni mwa mahali pachache nchini mwetu ambapo watu wazima wa kawaida, wasiokuwa wagonjwa wa hospitali, walifuatwa majumbani mwao wakapimwa kolesteroli, ile ambayo wengine huiita lehemu. Yaliyopatikana huko yanatuhusu sisi sote, wa Free Area na wa Mombasa, wa Lamu na wa Malindi. Kwani sufuria za Waswahili zimebadilika kila mahali, na wengi wetu hatukuhisi zilipoanza kubadilika.

Waganga wa macho waliopima damu

Mwaka 2007 hadi 2008, daktari bingwa wa macho Wanjiku Mathenge, mwanamke Mkenya, aliongoza utafiti mkubwa katika wilaya ya Nakuru. Alishirikiana na Allen Foster na Hannah Kuper wa chuo cha London cha elimu ya afya na magonjwa ya nchi za joto. Kusudi la kwanza lilikuwa macho ya watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Lakini nyuma ya jicho ndipo mahali pekee mwilini ambapo daktari aweza kuitazama mishipa ya damu bila ya kumpasua mtu. Maradhi ya presha na kisukari huacha alama zao hapo, na ndiyo maana wauguzi wa utafiti huo walipima pia shinikizo la damu, uzito, urefu, kiuno, sukari na kolesteroli.

Walichagua vikundi 100 katika wilaya nzima, mijini na mashambani, kila kikundi watu 50. Kati ya watu 5,010 walioteuliwa, 4,396 walipimwa, yaani 88 katika kila 100. Damu ilitolewa kwa kuchomwa kidole tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, nayo ni haya: nusu ya watu hao, asilimia 50.1, walikuwa na presha ya juu. Asilimia 21.1 walikuwa na kolesteroli iliyofika au kuvuka milimoli 5.2 kwa lita. Asilimia 13 walikuwa wanene kupita kiasi, na asilimia 6.6 walikuwa na kisukari. Presha, kisukari na unene vilizidi mijini kuliko mashambani, hata baada ya watafiti kuzingatia umri, mali na desturi za maisha. Tena maradhi haya yalipenda kwenda pamoja: mwenye moja, mara nyingi alikuwa na la pili.

Idadi iliyotutia huzuni zaidi ni nyingine. Katika wenye kisukari, 68 kwa kila 100 walikuwa wakitibiwa. Katika wenye presha, waliokuwa wakitibiwa ni 15 tu kwa kila 100. Kwa maoni yetu tofauti hii ina maana yake. Kisukari hujitangaza: mtu huona kiu, hukojoa mara kwa mara, hukonda, hatimaye huenda hospitali. Presha na kolesteroli hunyamaza. Hazimwamshi mtu usiku, hazimzuii kuswali wala kufunga wala kucheza na wajukuu. Zinapokuja kusema, husema kwa kiharusi au kwa moyo uliokatika ghafla, na hapo familia husema, "Jana alikuwa mzima wa afya." Huenda hakuwa mzima wa afya, alikuwa hajapimwa.

Kolesteroli ni kitu gani?

Lazima kwanza tuiondolee kolesteroli jina baya. Si sumu. Ni kitu chenye asili ya mafuta ambacho Mwenyezi Mungu amekiweka katika kila seli ya mwili wa mwanadamu na mnyama. Kuta za seli hujengwa kwayo. Nyongo inayosaga mafuta tumboni hutengenezwa kwayo. Homoni za uzazi, za mume na za mke, hutokana nayo. Mtoto mchanga huipata katika maziwa ya mama yake, na ubongo wake huihitaji.

Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini haikutoka katika sahani. Mwili wenyewe huitengeneza, na ini lina fungu kubwa katika kazi hiyo. Ndiyo maana mtu aweza kuacha mayai kabisa na hesabu yake isishuke sana, na mwingine mwembamba kama ufito akakutwa na kolesteroli ya juu kwa sababu ya alichorithi kwa wazazi wake.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu ni maji. Kwa hiyo kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake; husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo vya mafuta na protini, mfano wa mzigo uliopakiwa jahazini. Kifurushi kiitwacho LDL huchukua kolesteroli na kuipeleka kwenye viungo. Kikizidi kwa wingi na kukaa muda mrefu damuni, hupenya katika kuta za mishipa na kuacha mzigo wake humo, mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ya damu ikawa nyembamba. Kifurushi kiitwacho HDL huchukua kolesteroli iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Cheti cha maabara huwa na tarakimu ya tatu pia, ya mafuta yaitwayo trigliseridi, ambayo hupanda hasa kwa sukari nyingi, wanga mwingi na unene wa tumbo.

Siri ya namna LDL inavyoondolewa damuni ilifunuliwa na wanasayansi wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, katika miaka ya 1970, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Waligundua kwamba seli zina milango maalumu ya kuipokea LDL, na mingi ya milango hiyo imo katika ini. Milango ikiwa mingi, damu husafika. Ikiwa michache, LDL hubaki ikizunguka bila ya pa kuingia. Chakula huingia katika habari hii hapo hapo: mafuta yanayoganda, kama ya nyama nono, siagi, samli na mafuta ya mawese, hupunguza kazi ya milango hiyo. Kwa hiyo yanayoipandisha LDL kwa watu wengi ni zaidi aina ya mafuta tunayopikia kuliko kolesteroli iliyomo katika yai lenyewe.

Mbona wafugaji hunywa maziwa na hawaugui?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali zuri. Nakuru imo katika Bonde la Ufa, jirani na nchi za wafugaji, na watafiti walikwisha kulifuata zamani. Mwaka 1962, A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Makerere, Kampala, alichapisha utafiti wake juu ya Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa, na mafuta yake mengi. Hata hivyo kolesteroli yao ilikuwa chini, na presha yao haikupanda kwa umri kama inavyopanda kwa watu wa mijini. Mwaka 1964, George Mann wa Marekani alieleza hali kama hiyo kwa wanaume 400 wa Kimaasai wa Tanganyika.

Wengine wamezichukua habari hizi kuwa ni ruhusa ya kula watakavyo. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1971 kundi jingine la watafiti lilionyesha kwamba miili ya Wamaasai ilikuwa hodari kupunguza kolesteroli inayojitengenezea yenyewe, pindi inapoingia nyingi kwa chakula. Mwaka 1972, Mann aliichunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Akakuta kwamba kuta za mishipa yao zilikuwa na mafuta kama za watu wengine, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapata nafasi ya kupita. Yeye aliona kuwa mwendo wao mrefu wa kila siku nyuma ya mifugo ulikuwa na fungu katika jambo hilo.

Na vijana wa Kisamburu na wa Kirendille walioingia jeshini je? Shaper na wenziwe waliwafuata pia, wakachapisha habari zao mwaka 1969. Walipoacha maziwa na mwendo wa nyika, wakaingia katika posho ya kambi yenye chumvi nyingi, shinikizo la damu yao lilipanda kadiri utumishi wao ulivyorefuka. Damu ni ile ile na ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha. Mtu wa Free Area anayeketi dukani tangu asubuhi hadi isha hawezi kuchukua maziwa ya Msamburu akaacha miguu ya Msamburu.

Neema ya samaki

Watu wa Pwani wanayo habari njema katika elimu hii, nayo ilitoka nchi jirani ya Tanzania. Mwaka 1996 watafiti wa Italia, Paolo Pauletto na wenziwe, walichapisha utafiti uitwao wa Lugalawa. Walilinganisha vijiji viwili vya kusini magharibi mwa Tanzania vyenye watu wa asili moja. Cha kwanza, Lupingu, kiko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na watu wake hula samaki wa maji baridi gramu 300 hadi 600 kwa siku. Cha pili, Madilu, kiko milimani, na watu wake hula nafaka na mboga tu. Walipimwa watu 618 wa samaki na 645 wa mboga.

Wala mboga wenyewe walikuwa na damu nzuri, kolesteroli yao ikiwa wastani wa milimoli 4.1 kwa lita. Lakini wala samaki waliwashinda: wastani wao ulikuwa 3.5. Trigliseridi zao zilikuwa chini zaidi, na wenye presha ya juu walikuwa 2.8 tu kwa kila 100, huku kwa wala mboga wakifika 16.4. Samaki ana mafuta ya aina ambayo hayagandi hata katika maji ya baridi, na mafuta hayo hushusha trigliseridi na kuilinda mishipa.

Angalieni, basi, neema tuliyo nayo. Si lazima awe nguru wa bei kubwa. Dagaa, vibua na jodari ndio wenye mafuta hayo kwa wingi, na dagaa ni chakula cha maskini. Ndugu zetu wa Nakuru huwapata dagaa wa Kisumu, waitwao omena, sokoni kwa kipimo, na samaki wa Naivasha hawako mbali. Lakini samaki aliyezamishwa katika mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi, huyo amepoteza nusu ya fadhila zake. Apikwe mchuzi, aokwe, apakwe, au akaangwe kwa mafuta machache mapya.

Nazi: tuiache au tuitumie?

Hapa wengi watatutazama kwa hofu, kwani Mswahili bila ya nazi ni kama mkeka bila ya ukili. Tuseme kweli yote. Mafuta ya nazi ni ya kuganda, zaidi ya sehemu nane katika kumi. Hata mama aliyehamia Free Area ameliona jambo hili bila ya maabara: chupa ya mafuta ya nazi iliyokuwa maji Mombasa, asubuhi ya baridi ya Nakuru huikuta imeganda nyeupe. Mafuta hayo huipandisha LDL, ingawa huipandisha na HDL pia.

Lakini yako mafunzo ya visiwani. Mwaka 1981, Ian Prior wa New Zealand na wenziwe walieleza habari za watu wa Tokelau na Pukapuka, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambao nazi ni mhimili wa chakula chao. Watokelau, waliokula nazi zaidi, walikuwa na kolesteroli ya juu kuliko Wapukapuka. Hata hivyo maradhi ya mishipa yalikuwa haba katika visiwa vyote viwili. Watokelau waliohamia New Zealand walipunguza nazi, wakaongeza sukari na vyakula vya dukani. Na LDL yao, badala ya kushuka, ikapanda, na HDL ikashuka.

Tunalojifunza ni kwamba nazi ya mvuvi aliyeila pamoja na samaki, muhogo na mboga, kisha akavuta ngarawa yake, si sawa na tui zito lililomiminwa juu ya wali mweupe, baada ya mahamri ya asubuhi na kabla ya soda ya jioni. Hatusemi nazi iachwe. Twasema tui la kwanza lililo zito lisiwe la kila siku. Tui jepesi la pili latosha kwa mbaazi na mchicha. Na palipo na tui, pasiwe tena na samli na nyama nono katika mlo ule ule.

Chupa iliyoandikwa "haina kolesteroli"

Akina mama wengi hununua mafuta ya kupikia kwa kuamini maandishi hayo, nayo ni ya kweli, lakini hayana maana kubwa. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Kolesteroli ni ya wanyama. Mafuta ya mawese hayana kolesteroli, lakini karibu nusu yake ni ya kuganda, nayo huipandisha LDL kwa njia ya kuizuia ile milango ya ini. Kwa hiyo dada, usitazame neno kubwa lililoandikwa mbele. Geuza chupa, usome yametokana na nini. Mafuta ya alizeti, ya soya, ya mahindi, ya ufuta na ya zeituni ni ya kumiminika. Zeituni ni ghali, na si lazima, alizeti yatosha.

Baya kuliko yote ni yale mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusu kiwandani kwa haidrojeni ili yawe magumu kama siagi. Hayo huipandisha LDL na kuishusha HDL kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2018 kuzitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula. Ukiona katika karatasi ya biskuti au ya mafuta ya kopo maneno ya kwamba yamegandishwa kwa haidrojeni, yarudishe rafuni.

Yanayoshusha

Elimu ya lishe si ya makatazo peke yake. Viko vyakula vinavyoifanya kazi ya kushusha. Nyuzinyuzi laini, zile zinazovimba na kuteleza zikiingia maji, huikamata nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na kwa kuwa nyongo hutengenezwa kwa kolesteroli, huifungua milango yake na kuivuta LDL kutoka damuni. Nyuzinyuzi hizo zimo katika maharagwe, kunde, mbaazi, pojo, dengu, shayiri, bamia na matunda.

Daktari Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929, alikaa miaka zaidi ya 25 kabla ya kuchapisha, mwaka 1956, habari za Mwafrika mmoja aliyepatikana na maradhi ya mishipa ya moyo. Baadaye yeye na Denis Burkitt walishikilia kuwa chakula cha watu wa Afrika Mashariki, chenye nafaka zisizokobolewa na mboga nyingi, kilikuwa na fungu katika kuwalinda. Tulichokuwa nacho majikoni mwa bibi zetu ndicho ambacho ulimwengu unakitafuta leo kwa bei ya dawa.

Nakuru imejaliwa mno katika mlango huu. Maharagwe, minji, sukuma wiki, terere, avokado na viazi huteremka kutoka mashamba ya jirani. Avokado ni mafuta ya kumiminika ndani ya tunda. Kipande chake katika mkate wa asubuhi ni bora kuliko siagi. Anayepika ugali na achanganye wimbi au mtama. Anayepika chapati na apunguze mafuta na kuongeza unga wa ngano isiyokobolewa. Na kila sahani, nusu yake iwe mboga kabla ya wali kuingia.

Kwa nini tuanze na watoto

Huenda mtu akasema kuwa utafiti wa Nakuru ulikuwa wa watu wa miaka 50 na zaidi, basi vijana wana muda. Jibu limo katika ugunduzi mmoja mkubwa. Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas, Marekani, waliwakuta baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Afrika wakiwa wamezaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuivunja ile milango ya LDL. Kwa kuwa jeni yao haikufanya kazi, milango yao ilibaki mingi. Mwaka 2006 walieleza kuwa LDL ya watu hao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu kuliko ya wenzao. Lakini maradhi ya mishipa ya moyo yalipungua kwao kwa asilimia 88.

Kupungua kidogo kukaleta kinga kubwa, kwa sababu kulianza siku ya kuzaliwa. Mishipa haihesabu mwaka mmoja. Huhesabu umri mzima. Mama anayemzoeza mwanawe maharagwe, samaki na maji badala ya chipsi na soda anamwekea akiba ya miaka hamsini. Hakuna daktari awezaye kuirudisha akiba hiyo baadaye kwa ukamilifu.

Kupima na kutibiwa

Kila aliyefika miaka 40, na aliye chini ya hapo mwenye kisukari, presha, unene au jamaa aliyepata maradhi ya moyo mapema, na apimwe presha na kolesteroli. Akina mama wajue kuwa hedhi inapokoma, LDL hupanda hata kama chakula hakikubadilika. Aliyekuwa salama akiwa na miaka 40 asijidhanie salama akifika 55.

Palipo na haja ya dawa, dawa ipo. Mjapani Akira Endo alichunguza maelfu ya ukungu, na mwaka 1973 akapata katika mmoja wao kitu kinachozuia ini kutengeneza kolesteroli. Kutokana na kazi hiyo zikaja dawa zinazoitwa statini, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2007. Mja mzito au anayenyonyesha asizimeze pasipo amri ya daktari. Aliyeandikiwa asiziache kwa sababu cheti kimekuwa kizuri; kimekuwa kizuri kwa sababu ya dawa. Habbat sauda, kitunguu saumu na asali tunavipenda na tunavitukuza, lakini visiwe sababu ya kutupa vidonge. Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, na kujitibu ni pamoja na kumsikiliza mwenye elimu yake.

Dini yetu katika sahani

Haya yote si mageni kwa Muislamu. Mola wetu ametuhalalishia vilivyo vizuri, kisha akatukataza israfu katika kula na kunywa. Mtume (S.A.W.) alitufunza kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Mwili ni amana, nao una haki juu yetu.

Hata hivyo, tuangalie futari zetu. Tumefunga mchana kutwa, kisha magharibi mezani pana sambusa, bajia, viazi karai, kaimati na mahamri, vyote vimetoka katika karai moja la mafuta. Tuangalie harusi zetu, ambapo ukarimu hupimwa kwa samli iliyoelea juu ya biriani. Hatukatazi furaha. Twaomba kitu kimoja kati ya vitano kiwe cha kukaangwa, vinne viwe vya kuchemshwa au kuoka. Tende, uji wa shayiri, mbaazi, samaki na matunda vitoshe kumkirimu aliyefunga. Mwenye nyumba atakayepunguza samli asionekane bahili. Aonekane amewahurumia wageni wake.

Mwisho, twapendekeza kwa misikiti na vyama vya akina mama, Pwani na bara: mara moja kila miezi mitatu, baada ya swala ya Ijumaa au darsa, aitwe muuguzi mwenye kipimo cha presha na sindano ya kidole. Gharama yake ni ndogo kuliko sufuria moja ya pilau. Katika utafiti wa Nakuru, 85 kati ya kila 100 wenye presha hawakuwa wakitibiwa. Miongoni mwa watu kama hao wamo baba zetu na mama zetu, wanaokaa nasi safu moja msikitini. Tuwapime wakiwa wazima, inshaallah, nasi tupate radhi zao kabla ya kuwaombea maghufira.

Wabillahi tawfiq.